Kompyuta Yetu ya Bilpam: Ipe Pumzi Kabla ya Kuipa Mbio

 

Miezi hii tumepokea ujumbe mwingi kutoka kambini, na karibu wote ni wa aina moja: "Kijana wetu anasema akipata kompyuta ya mezani atajitegemea. Anataka pesa ya prosesa, pesa ya feni, pesa ya kitu kinaitwa ovakloki. Je, tumtumie?" Wahariri wametuomba tuwajibu wote kwa pamoja humu jaridani. Tunakubali kwa furaha, lakini pia kwa aibu kidogo, manake haya tunayoyajua tuliyalipia.

Jina la Bilpam wazee wetu wanalijua kuliko sisi. Bilpam ya kwanza iko Ethiopia, upande wa Gambella, ambako SPLA ilikuwa na kambi yake ya mwanzo mwaka 1983. Waliopita Itang, Pinyudo na Dimma, wakakimbia tena 1991 na kufika Kakuma 1992, walilisikia jina hilo kila siku. Bilpam ya leo iko Juba, ni makao makuu ya jeshi, na barabara inayokwenda huko inaitwa hivyo pia. Kando ya barabara hiyo ndipo tulipo sisi ndugu watatu, kwenye chumba kimoja cha mabati. Tunapiga chapa barua, tunachapisha picha za pasipoti, na kazi yenye pesa kidogo ni kutengeneza video za harusi na za kwaya.

PESA YA NANI?

Tuanze hapo, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunasahau. Kompyuta yetu ya kwanza ilinunuliwa kwa pesa ya watu wawili. Nusu ilitoka kwa shangazi aliye Australia, na nusu ilikuwa akiba ya mama, ya mandazi aliyouza kambini kwa miaka mingi. Sisi vijana hatukuweka hata shilingi. Lakini nani aliyechagua vifaa? Sisi!

Tukachagua kama vijana. Pesa kubwa tuliweka kwenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, yenye viini sita, na kadi ya picha. Madabodi tukachukua ya B450 kwa sababu inaruhusu kuongeza kasi. Kasha likawa lile lenye taa za rangi na kioo mbele. Pesa ikawa imekwisha. Basi pawasaplai, ile boksi inayogawa umeme kwa vifaa vyote, tukachukua ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa imeandikwa wati 500, na ukiishika mkononi ni nyepesi kama kopo tupu. Stabilaiza tukasema tutanunua baadaye. UPS pia baadaye. Diski ya pili ya kuweka nakala, baadaye.

Mashine ikafanya kazi vizuri miezi kadhaa. Kisha mdogo wetu akaanza kuisukuma. Akapandisha prosesa hadi gigahezi 4.0 kwenye viini vyote, akaiongezea na volti ili isizime. Video ya harusi iliyokuwa ikichukua saa moja kutoka, sasa ikatoka kwa dakika 55 hivi. Tulifurahi, tukamsifu. Faida yote ilikuwa dakika tano.

MACHI 2024

Mnaokumbuka habari za mwezi huo mnajua. Mwezi wa tatu 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya joto, ikionya kwamba litafika nyuzi 41 hadi 45. (Februari 2025 shule zilifungwa tena wiki mbili, baada ya wanafunzi kuzimia hapa Juba.) Watoto walirudishwa nyumbani wapumzike kivulini. Sisi mashine yetu hatukuipumzisha.

Tulikuwa na harusi ya kumaliza. Saa nane mchana, chini ya mabati, mashine inatoa video, jenereta ya jirani inapanda na kushuka. Kipimo cha joto cha prosesa kilikuwa kimefika nyuzi 95. Tukaweka feni ya mezani mbele yake. Mara tukasikia mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti, harufu ya kuungua ikajaa chumba, na kioo kikawa cheusi.

Fundi alipofungua alituonyesha pawasaplai iliyolipuka ndani, madabodi yenye alama nyeusi, na diski isiyozunguka tena. Kwenye diski hiyo ndimo ilimokuwa harusi. Kadi za kamera tulikuwa tumeshazifuta ili kupiga kazi nyingine.

Tulikwenda kwa mama wa bibi arusi sisi watatu, na mama yetu mbele. Tulirudisha malipo ya kwanza na kupeleka mbuzi. Walitupokea kwa heshima, wakasema ni mashine tu. Lakini miezi minne baadaye nyanya wa bwana arusi alifariki, na watu wa nyumba ile wakatuma kijana kuuliza kama kweli hakuna hata kipande. Nyanya alikuwa amecheza ngoma siku ile, kwa mara ya mwisho. Hatukuwa na kipande cha kumpa. Ndugu wasomaji, hizo ndizo dakika tano zetu.

OVAKLOKI NI NINI HASA?

Wazazi wengi wanadhani ni kifaa cha kununua. Siyo. Ni kuiambia prosesa ifanye kazi kwa kasi kubwa kuliko ile kiwanda kilichoiandikia. Prosesa hupigiwa mapigo kama ngoma. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Ukiongeza mapigo, kazi inakwenda mbio.

Wala si uchawi wala wizi. Viwanda huacha nafasi ya usalama, na wajanja waliigundua zamani. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu waligundua kwamba ukibadilisha mpangilio wa bodi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ileile inakimbia kwa 450, karibu sawa na zile za bei ghali. Hapo ndipo sifa ya ovakloki ilipoenea duniani, na vijana bado wanaota 1998.

Siku hizi nafasi hiyo imebaki ndogo. Prosesa za sasa zinajipandisha zenyewe zikiona kuna baridi na umeme wa kutosha. Kiwanda kimeshakula sehemu kubwa ya utamu kabla hujafika wewe. Unachobakiza ni asilimia chache, na bei yake ni joto.

Hesabu yake ni hii, na mtoto wa darasa la saba anaiweza. Joto la prosesa linakua pamoja na kasi, tena linakua kwa volti mara mbili. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, unazidisha 1.1 mara 1.1 mara 1.1. Jibu ni 1.33. Yaani umepata kumi, umelipa thelathini na tatu. Hata Konyo Konyo hakuna mama anayefanya biashara hiyo.

KWA NINI NAIROBI INAWEZEKANA NA JUBA HAPANA

Vijana wetu wanatazama video za watu wa nchi za baridi, au wanamsikiliza rafiki wa Nairobi. Rafiki hadanganyi. Kwake inafanya kazi. Lakini feni ya prosesa haitengenezi baridi. Inachofanya ni kuhamisha joto kulipeleka kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo prosesa daima itakuwa na joto kuliko chumba.

Tuseme kwa feni yako, kazi nzito inaipandisha prosesa nyuzi 45 juu ya hewa ya chumba. Nairobi chumba kina nyuzi 24, prosesa inafika 69. Salama kabisa. Juba chini ya mabati chumba kina nyuzi 40, prosesa ileile, feni ileile, inafika 85, na hapo hujaongeza kasi hata kidogo. Ryzen nyingi za aina yetu mwisho wake ni nyuzi 95, na prosesa nyingi za Intel ni 100. Zikikaribia hapo zinajipunguza mbio zenyewe ili zisife. Kumbe sisi tulikuwa tukiisukuma mashine mbele, na yenyewe inajirudisha nyuma, na umeme unaliwa bure.

Hapa Kakuma joto mnalijua wenyewe. Hesabu ya Juba ni yenu pia.

KUCHAGUA VIFAA: TUNGEANZA WAPI LEO?

Mashine ya pili tuliinunua kidogo kidogo, kwa pesa yetu wenyewe safari hii, na kwa mpangilio tofauti kabisa. Tunauandika hapa ili msiurudie ule wa kwanza.

Kwanza, kazi. Kama ni kuandika barua, kuchapisha na picha za pasipoti, usijenge mashine. Nunua kompyuta ya ofisi ya mtumba kutoka Ulaya, kama Dell OptiPlex au HP, ziko nyingi Luthuli Avenue Nairobi na maduka ya Kampala. Zimejengwa vizuri, hazili umeme mwingi. Ujue tu kwamba nyingi zina pawasaplai ya umbo lake na plagi zake. OptiPlex 9020 kwa mfano, plagi yake kubwa ya bodi ina pini 8 wakati ya kawaida ina 24. Ikiungua, pawasaplai ya dukani haiingii bila waya wa kuunganishia. Uliza hiyo kabla ya kulipa. Kujenga mwenyewe kunafaa kama kazi ni video, muziki au michoro.

Pili, umeme. Hapa ndipo tulipokosea, kwa hiyo hapa tutakaa kidogo. Juba ilipata kituo cha megawati 33 mwaka 2019, na nyumba nyingi ziliunganishwa, lakini stima inakatika, na wengi wetu bado tunategemea jenereta na sola. Jenereta ndogo ikibebeshwa friji, volti zinaanguka. Friji ikizima, zinaruka juu. Pawasaplai ndiyo inayosimama katikati ya fujo hiyo na vifaa vyako. Chukua ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 PLUS. Ishike mkononi. Nzuri ni nzito kwa sababu ndani kuna shaba na mabati ya kupoozea. Wati 450 za kweli zinashinda 700 za karatasi. Kama ina swichi nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Tumeona mashine ya jirani ikifa kwa sekunde moja kwa swichi hiyo tu.

Mbele ya pawasaplai weka stabilaiza, na UPS ukiweza. Kama unatumia sola, inveta iwe ile ya wimbi safi, manake pawasaplai nyingi nzuri za kisasa hazipatani na wimbi la ngazi ngazi. Zinazima ghafla na mtu anadhani zimeharibika.

Tatu, prosesa na madabodi. Hawa ni mume na mke, usinunue mmoja bila kumjua mwenzake. Soketi lazima zilingane. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa yenye herufi K mwishoni ndiyo inayokubali kuongezwa kasi, tena juu ya bodi ya aina ya Z. Mtu akikuuzia i5-8500 kwa bei ya juu akisema "hii unai-ovakloki", mwambie asante, endelea na safari. Kwa AMD Ryzen karibu zote za mezani zimefunguliwa, lakini bodi ya A320 hairuhusu. B450 na B550 zinaruhusu. Angalia pia BIOS. Bodi ya B450 ya zamani haiitambui Ryzen ya 5000 mpaka iongezewe programu mpya, kwa hiyo mwambie muuzaji aiwashe mbele yako.

Sisi safari hii tulichukua Ryzen 5 5600G. Ina viini sita na picha yake imo ndani yake, haihitaji kadi ya picha. Kadi moja ikitoka, umeondoa bei moja, feni moja na joto moja.

Nne, RAM. Nunua vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu vikiwa viwili prosesa inasoma pande zote mbili kwa pamoja, na kwa mashine isiyo na kadi ya picha tofauti unaiona kwa macho. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, hata ukisukuma. Msisukume.

Tano, diski. Weka SSD kwa Windows na kazi ya leo, na diski nyingine ya nje kwa nakala. Jihadhari na zile za bei ya ajabu zinazoandikwa terabaiti kumi na ndani hamna. Zinakubali kupokea, kisha zinafuta za mwanzo bila kusema. Ijaze yote na uisome tena kabla hujaiamini. Na kanuni ya nyumba yetu sasa ni kwamba kadi ya kamera haifutwi mpaka kazi iwe mahali pawili na mwenye kazi ameshachukua yake.

Sita, hewa. Kasha zuri kwa Juba ni lile lenye matundu mengi mbele, hata kama ni baya kwa sura. Lile la kioo letu lilikuwa oveni. Feni mbili zinaingiza hewa, moja inatoa, ili vumbi lisivutwe kupitia kila upenyo. Mbele tumefunga kipande cha soksi ya kina mama, ile nyembamba, na tunakifua kila Jumamosi. Krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati lake, weka kiasi cha punje ya maharage madogo, si kupaka kama siagi ya mkate. Mashine isimame juu ya meza, mbali na mlango wa barabarani.

WINDOWS NA MTUMBA

Neno kwa wanaonunua mtumba mwaka huu. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa kawaida, Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, au Ryzen za 2000 kwenda juu. Kwenye Intel soma namba. i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-6500 ni cha 6, i5-10400 ni cha 10. Kwenye Ryzen kuna mtego. Zile 2200G na 2400G zina jina la 2000 lakini hazimo kwenye orodha. Ndiyo sababu masoko yamejaa mashine za bei rahisi ghafla. Si kwamba ni mbaya. Kama kazi ni kuandika na intaneti, ukiiwekea Ubuntu, ambayo ni bure, itakuhudumia bado. Lakini usiilipie bei ya mashine ya Windows 11.

KUSAFIRISHA

Mizigo yetu mingi inapita Mombasa, Kampala, Nimule, ndipo Juba. Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami tangu 2012, lakini basi ni basi. Ukituma mashine iliyojengwa, toa kadi ya picha na bati zito la prosesa, vifungwe kando. Diski inayozunguka aishike mtu mkononi, imefungwa kwa leso, isiende kwenye buti. Na kabla haijaondoka dukani, iwashe saa nzima ikifanya kazi nzito, uchukue risiti. Duka la Nairobi halikufuati Juba.

SISI SASA TUNAFANYA KINYUME

Hapa ndipo mdogo wetu alipotushangaza. Ni yeye aliyeichoma ya kwanza, na ni yeye aliyetufundisha ya pili. Siku moja alisema, "Kama naweza kupandisha, naweza pia kushusha." Ryzen 5 5600G inatoka kiwandani ikiwa ya wati 65, na bodi nyingi zinaruhusu kuiwekea kikomo cha 45. Akaweka 45. Tukapima na video ileile. Kazi ilichelewa dakika chache tu, na feni ikanyamaza. Mchana chini ya mabati haifiki tena nyuzi 80.

Kwa anayetumia sola faida ni kubwa zaidi. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini betri ya kawaida ya risasi usiitoe zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600, na inveta inakula kidogo njiani. Mashine na kioo chake vikila wati 150, una saa tatu na nusu hivi. Vikila 90, unakaribia saa sita. Hiyo ni harusi nzima kwa betri moja, bila kumwomba jirani jenereta.

Kuna sehemu moja tu tuliyoongeza kasi, nayo ni RAM. Vijiti vyetu vimeandikwa 3200 lakini vikichomekwa vinaanza chini ya hapo, mpaka uingie kwenye BIOS uchague mpangilio wa XMP. Hapo hatupiti kile kilichoandikwa kwenye kijiti chenyewe, na mashine ilikaa usiku mzima kwenye majaribio ya kumbukumbu bila kosa hata moja kabla hatujaipa kazi ya mtu. Kama majaribio yangeonyesha kosa, tungeshuka.

Hatusemi ovakloki ni dhambi. Kijana mwenye mashine yake ya michezo, kwa pesa yake, usiku wa baridi, na ajifunze. Hivyo ndivyo mafundi wanavyopatikana, na mdogo wetu leo anaitwa na maduka ya Custom kuwatengenezea. Tunachosema ni kwamba mashine iliyobeba akiba ya mama na harusi ya watu si ya kuchezea.

MASWALI MATANO YA MZAZI

Mama na baba mlio kambini, hamhitaji kujua kompyuta ili kujua kama pesa yenu inakwenda pazuri. Kabla ya kutuma, mwulizeni kijana haya, na msikilize anavyojibu.

1. Kazi ya kwanza utakayolipwa ni ipi, na nani atakulipa? Akijibu kwa jina la mtu au la kanisa, vizuri. Akijibu kwa jina la mchezo, subirini.

2. Umeme utatoka wapi, na nini kitasimama kati ya umeme huo na mashine?

3. Katika kila dola 100, ngapi ni za pawasaplai, stabilaiza na feni? Sisi tunapendekeza zisipungue 25. Mara ya kwanza sisi tuliweka chini ya 10.

4. Kazi za watu zitahifadhiwa mahali pangapi? Jibu la "pamoja" mahali pamoja tu si jibu.

5. Chumba kina joto gani saa nane mchana? Kama hajui, akanunue kipimajoto kwanza, ni bei ya soda chache.

Vijana, msikasirike tukiwapa wazazi maswali hayo. Tungeulizwa sisi mwaka ule, tungekasirika pia, lakini familia moja hapa Bilpam ingekuwa na picha za nyanya yao.

Video ya kwanza tuliyotoa kwa mashine mpya ilikuwa ya ubatizo, katika familia hiyohiyo. Hawakutuita wao. Mama yetu ndiye aliyekwenda kuomba tupewe nafasi tena, bure. Tulipeleka nakala tatu, moja kwa bibi arusi wa zamani, ambaye sasa ndiye mama wa mtoto, moja kwa mama yake, na ya tatu iko kwetu kabatini, mbali na mashine. Ikitokea wakapoteza zao, wanajua pa kuja.

Mbaki salama. Mwenye swali alilete kwa wahariri, nasi tutajibu. Mama anauliza kama ule mwarobaini wa mlangoni petu bado uko.